Jua Halikufika Mlango wa Ndulumo

Kijiji cha Ujamaa Ndulumo,
Wilaya ya Iramba,
S.L.P. Kiomboi.

27 Januari, 1975.

Mpendwa kaka Kefa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Felista na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mkonge ulichotuandikia mwaka juzi kimekwisha. Nasema mwaka juzi kwa sababu ndiyo barua yako ya mwisho. Mama ameihifadhi ndani ya Biblia, na kila mgeni akiuliza habari za Kefa wa Tanga anasomewa ileile. Sasa wageni wenyewe wanaijua kwa moyo.

Usishangae mwandiko. Safari hii sikumwomba Mwalimu Chrispin aniandikie. Nimeingia darasa la watu wazima, tunasomea barazani pa kanisa kila jioni tukitoka shamba, na herufi zangu zinapanda na kushuka lakini zinafika. Zamani nilikuwa namwambia mwalimu maneno kumi, anaandika mawili, eti barua iwe na adabu. Leo utayapata yote.

Sisi hapa hatujambo kwa kiasi chake. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi. Stumai wangu ameanza darasa la kwanza, na mdogo wake anamlilia kila asubuhi. Baba nitafika kwake. Yeye ndiye sababu ya barua hii, na ukiona mahali nimekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, ujue nilikuwa namwandika yeye.

Habari ya kuhama uliipata kwa ufupi. Mwezi wa nane, siku za Operesheni Vijiji, tulitolewa kule chini ya kilima tukaletwa hapa barabarani, upande wa kaskazini. Mbuzi walipanda lori, vitanda tulibeba wenyewe. Sitasema kila kitu ni kibaya. Shule ipo karibu, na zahanati inajengwa. Bomba la maji tuliahidiwa, na kweli bomba lilikuja, limelala kando ya barabara na watoto wanapuliza ndani yake.

Nyumba zimepangwa kwa mstari kama maharage, na milango yote inatazama barabara. Kwa hiyo kilima kipo nyuma yetu, mbali. Baba akitaka kukiona inabidi akakae nyuma ya choo. Na kila asubuhi amekaa hapo, na blanketi lake, kama mtu anayengoja kuitwa barazani.

Sehemu hii msomee wifi, maana yeye ni mtu wa Lushoto, na kwao kilima chetu wangekiita kichuguu. Ndulumo si mlima wa kujivunia, wifi. Mtu mwenye miguu mizuri anapanda na kushuka uji wake haujapoa. Kina mawe, pimbi, minyaa na mikwaju michache, basi. Mwalimu Chrispin alipotundika ramani ya Tanzania darasani kwetu, baba aliingia akauliza Ndulumo kiko wapi. Mwalimu akatafuta kwa heshima, akasema hakipo. Baba akamwambia ramani hiyo irudishwe ilikotoka ikamaliziwe.

Lakini juu ya kilima hicho yamesimama mawe mawili makubwa, na katikati yao kuna nafasi. Tunaiita Mlango. Ukikaa uani kwetu kule kwa zamani, mapambazuko ya kila siku yanasogea kidogo kuelekea kusini, mpaka mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja jua linachomoza katikati ya Mlango. Siku hiyo baba anatoa kibuyu cha mbegu ya uwele, anarusha konzi ya kwanza, na ukoo wote ndipo unashika jembe. Hilo ni jua la kupanda. Likishapita linaenda mbele kidogo, linageuka, na wakati wa kurudi linapita tena Mlangoni, likitukuta tumeinama na majembe. Hilo ni jua la kupalilia. Babu alifanya hivyo, na waliomzaa babu. Asiyengoja konzi ya mkubwa wa nyumba, mazao yake hayaliwi na mtu wa ukoo hata yakijaa kihenge.

Sasa kaka, tega sikio. Mwezi wa kumi na moja ulifika, baba akiwa nyuma ya choo. Tukamuuliza, akasema bado. Mwezi ukaisha, akasema jua la mwaka huu ni zito. Mvua ikaja, tena mvua ya haki, udongo ukalainika mpaka fimbo inazama yenyewe. Kijiji kizima kikaingia shambani. Baba akasema bado.

Usifikiri ni uvivu. Shamba la ujamaa tulilipanda pamoja na wenzetu, na baba aliwashinda vijana kwa jembe. Nikamuuliza, huku umekubali kwa nini? Akanijibu kwamba lile ni shamba la bwana shamba, lina jua lake. Tukirudi nyumbani tunalipita la kwetu limekaa tupu, linaota majani.

Nilimletea ile kalenda uliyotutumia, yenye picha ya meli. Nikamwambia, baba, tumo ndani ya mwezi wa kumi na mbili. Akaitazama meli kwa muda mrefu, akasema karatasi hiyo imechapishwa na mtu ambaye hajawahi kukiona Ndulumo. Nikamwambia tena, hata huo Mlango unaoungoja, ukiutazama kutoka hapa umekuwa mwembamba kama ufa wa ukuta. Hilo alikubali. Alisema ni macho yake, uzee umefika.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Ignas, kijana mpole, naye alikuja kumsihi. Akasema, "Mzee Ezekieli, majani yanaota mahali ambapo uwele ungekuwa unaota." Baba akamkaribisha kigoda, akamuuliza, "Mwanangu, ukifika nyumbani kwa mtu naye hajarudi, unaingia?" Ignas akakuna kichwa, akanywa uji wetu, akaenda zake. Ndio msaada tulioupata kutoka kwa balozi.

Baba mdogo Stefano unamfahamu, anabishana na mchungaji hata kwenye matangazo ya ibada. Kwa hili alikuwa kondoo. Shamba lake limepakana na la kwetu, naye na wanawe wakakunja mikono wakingoja konzi ya kaka yao mkubwa. Mkewe alikuwa akija kwangu kulia, nami nikawa namkaribisha tulie wote, maana ningemwambia nini.

Lazima uelewe nilichokuwa nakiogopa. Msimu uliopita tulivuna cha kujaza kofia. Tumekula yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mpaka watoto wanauliza kama ugali wa uwele ulikuwa wa kweli au ni hadithi. Mbegu tuliyobakiza ni ile ya kibuyu, imechanganywa na majivu, basi. Mvua ikipita bila mbegu hiyo kuingia ardhini, hakuna mwaka huu wala mwaka ujao. Nilitaka kukichukua nipande mwenyewe alfajiri moja, litakalokuwa na liwe. Mama alinisoma usoni. Alikisogeza kibuyu chini ya kitanda, upande wake wa kulala, akaniambia, "Dorika, mbegu hiyo si yako wala si yangu. Subira huvuta heri." Subira yetu ilivuta magugu.

Wakubwa walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tumesikia la mkuu, njoo uitazame miguu yetu.

Ikafika Krismasi. Kwa kweli jua lilikuwa limesogea, lilikuwa limefika begani mwa kilima, limebakiza kama upana wa kiganja kuufikia Mlango. Baba alikuwa na furaha, alisema wiki ile ile tutapanda. Siku zikapita likiwa hapohapo. Halafu likaanza kurudi lilikotoka.

Baba alitoka nyuma ya choo akaja akakaa kizingitini. Akasema neno moja tu, "Limekataa." Chakula alikisukuma. Alikuwa ameshika imani kwamba jua lilikwenda mpaka Ndulumo, likachungulia, likakuta mahame, likaona hakuna wa kulifungulia mlango. Aliogopa, kaka. Mtu aliyemfukuza chui zizini kwa kijinga cha moto, alikuwa anaogopa. Nilikuwa sijui nicheke au nilie, na hasira ndiyo iliyonishika mkono.

Kijijini wakaanza kutuita Nyumba ya Kungoja Jua. Nikienda kisimani wanawake wananiuliza kama mgeni wetu ameshafika. Baba mdogo Stefano, mzee wa kanisa, alinong'ona kwamba pengine atafutwe kondoo mweusi apelekwe kilimani kama zamani. Mama akasema kondoo akipatikana apelekwe jikoni.

Aliyetuokoa ni mama, na wala hakukusudia. Mwezi huu katikati alianza kudai jiwe lake la kusagia. Tulipohama lilikuwa zito, baba akalifukia kule kwenye mahame wasije wakaliiba. Mama akasema amechoka kusagia jiwe la kuazima, na kama wanaume wa nyumba hii hawawezi kumpa uwele wa kusaga basi wampe hata jiwe. Pa kulifukua alikuwa anapajua baba peke yake. Kwa hiyo tukaenda, mimi na yeye, hatusemezani.

Tulifika jioni tukalala ndani ya tembe letu la zamani. Nguzo zipo, paa walishalibomoa kwa ajili ya miti. Sikutaka kukaa sana nikitazama. Kile chumba chako, kaka, mbuzi pori wamekifanya choo.

Asubuhi nilikuwa nainamia moto wa uji, nikamsikia baba ananiita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuhame. Nikatoka. Jua lilikuwa limo Mlangoni. Limekaa katikati ya yale mawe mawili, jekundu, halikuegemea huku wala huku. Na Mlango ulikuwa mpana, kama tulivyouzoea tangu utoto.

Baba alisimama uani, mahali pake palepale. Akatazama kilima. Akageuka akatazama upande wa kijiji kipya, moshi wake unaonekana kwa mbali. Akakitazama kilima tena. Kisha akasema polepole, "Jua halina kosa. Kilima hakina kosa. Kumbe ni sisi tuliohama."

Kaka Kefa. Mwezi wa nane nilikuwa na kitanda kichwani. Mtoto mgongoni, kitanda kichwani, kuku mkononi. Nilijua tumehama. Kijiji kizima kilijua, mbuzi walijua. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nikaufunga, kwa sababu baba alikuwa amekaa chini.

Alisema, "Hili ni la kupalilia, Dorika. Linarudi. Lile la kupanda lilipita hapa, halikumkuta mtu." Akalia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata siku tuliyomzika bibi. Nikakaa karibu naye, uji ukaungua, tukauacha uungue.

Tulilifukua jiwe, na wakati wa kurudi nililibeba mimi, bila shaka. Yeye alikuwa anatembea kidogo, anasimama, anageuka kukitazama kilima. Kila akigeuka Mlango umepungua. Yale mawe yalikuwa yanasogeleana nyuma yetu, hatua kwa hatua, mpaka tunaingia kijijini umebaki ule ufa. Hakusema tena habari ya macho. Alinionyesha kwa fimbo jinsi ambavyo kwa mtu aliyekaa hapa, jua lingehitaji kwenda kusini zaidi ya linakofika, na kwamba tungeweza kungoja mpaka Yesu arudi.

Tulipofika alimwomba mama kibuyu. Akaigawa mbegu, nusu akaifunga tena, nusu akaniwekea mimi kwenye ungo. Akasema, "Anza wewe. Mimi nimekuwa kama mtoto hapa, sipajui." Katika ukoo wetu mwanamke hajawahi kurusha konzi ya kwanza, unalijua hilo. Baba mdogo Stefano alikohoa. Baba akamtazama, akaacha kukohoa. Nikarusha. Nilikuwa nimemkasirikia baba kwa muda mrefu kiasi kwamba nilimwaga nyingi mahali pamoja, na mama akaona akasema, "Hapo miche itasongamana, watapalilia wenye macho."

Ni wiki sasa. Manyunyu yalianguka siku ya tatu na uwele umechungulia, mwembamba kama nywele za mtoto mchanga. Wa jirani unanifika magotini. Mvua ikitufikisha Aprili tutakula, isipotufikisha ile nusu nyingine ni ya mwakani, nimeapa sitaigusa hata watoto wakilia. Kila asubuhi natoka kutazama anga, halafu naenda kutazama nyuma ya choo. Yupo. Sasa hatazami Mlango. Anatazama jua linapotokea tu, popote, na kuchomeka kijiti. Jana lilitokea juu ya bati la duka la ushirika, akarudi ndani amenuna, anasema babu yake angemcheka kwa kupanda kwa alama ya duka la sukari lisilokuwa na sukari.

Kwa hiyo baba ameanza darasa la kwanza kama mimi, ila mimi nina mwalimu. Yeye itabidi angoje mpaka mwezi wa kumi na moja urudi, mvua ije, aone jua liko wapi siku hiyo. Ndipo alama mpya itakuwepo. Anajua hivyo, na anajua umri wake. Amekonda, kaka, na usiku anahema kwa sauti.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiye mwanawe mkubwa. Alama ya zamani alioneshwa na babu wakiwa wamesimama pamoja, na anasema haioneshwi kwa barua. Nilimwambia nioneshe mimi, akasema atanionesha na mimi, lakini macho yake yalikwenda barabarani. Omba likizo, Novemba uwe hapa. Usinitumie kalenda nyingine. Njoo usimame nyuma ya choo na baba yako alfajiri, hata kama utaona haya mbele ya wifi. Nimesema vya kutosha, na kama nimevuka adabu nisamehe, nimebeba jiwe la kusagia kutoka kilimani na shingo bado haijapona.

Mama anakusalimu sana, anasema Felista asiwazoeshe watoto mchele mtupu. Baba mdogo Stefano na mkewe wanawasalimu. Ignas balozi anakusalimu ingawa hakujui. Stumai anamsalimu shangazi wa Tanga, nimemsahihisha kwamba ni mke wa mjomba, amekataa. Nisalimieni na wote wa kwenu huko kambini mkongeni wanaotoka Kinampanda.

Baba naye amenipa salamu, akataka niandike kama alivyosema bila kupunguza. Anajua kwamba ukitoka Singida kwenye lori huwa hushuki mpaka uone Mlango uko wazi kabisa, halafu unagonga bodi dereva asimame. Anasema, "Mwambie Kefa, Mlango ukiwa wazi asigonge. Pale hakuna mtu wa kumpokea. Apite, aendelee kuutazama mpaka ubaki ufa. Hapo ndipo nyumbani."

Mungu awalinde huko mliko, na atupe mvua sisi huku.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, hata ukinichosha,

Dorika